Maziwa Yaliyofungiwa Kakoba

Orpa Mukamurenzi alikulia katikati ya ng'ombe, huko milimani Kivu Kusini, hadi vita vilipomnyang'anya ng'ombe na mume. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, aliuza maziwa ya mgando miaka mingi, wateja wakimfuata mpaka kanisani. Mwishowe akakodi chumba cha kuuzia maziwa Kakoba, mjini Mbarara. Na tusidanganyane: huyu mama hakutafuta njia ya mkato. Aliomba leseni kabla ya kuuza hata kikombe kimoja.

Ofisi ya leseni wakamwambia kwamba mkaguzi hapitishi chumba kitupu. Aweke meza, vikombe na maziwa, ndipo aje aone. Akaweka. Maziwa yakaletwa asubuhi kutoka Bwizibwera. Mkaguzi hakutokea. Tuliotokea ni mchungaji na sisi akina mama wa kanisa, maana kwetu mlango mpya huombewa kwanza. Na mgeni akikuombea nyumba, ukamwacha aondoke bila kunywa maziwa, umemtukana.

Vikombe vilikuwa mikononi askari wa leseni walipoingia.

"Wewe mama, biashara iko wazi. Leseni wapi?"

"Shefu, sijauzisha kitu. Aba ni bageni ba maombi. Nangojea mukaguzi wenu."

"Hiyo utasema ofisi."

Wakatutoa sote, mchungaji akiwemo, wakatia kufuli. Maziwa yamo ndani! Hasira ile haijanitoka mpaka leo. Kila Orpa alipokwenda kuomba afunguliwe aliambiwa njoo kesho, njoo kesho, utadhani kesho ni ofisi nyingine.

Hatimaye mkaguzi akaja na ufunguo. Tulimsindikiza Orpa. Mtu yule akaingia ndani, akaziba pua.

"Mama, hapa pachafu. Leseni hakuna."

Haya nayo ni maneno ya mtu mzima? Nilitaka kumrukia. Orpa akanizuia, akasimama katikati ya mlango.

"Shefu, kufuli ilikuwa yenu, basi na iyi harufu ni yenu. Muandike ivyo. Tutangojea."

Tukasogea, tukajipanga nyuma yake, mlango ukajaa vitenge. Mkaguzi akatafuta pa kupita, akakosa. Akatoa kalamu, akaandika kama alivyoambiwa, huku ameziba pua.

Leseni sasa imetundikwa ukutani, na Orpa anauza. Kuomba radhi, hakuna aliyeomba.