Ile pikipiki yenye ilinifwata mu kona

Batu bangu, leo mutu alinifwata na pikipiki tangu Kalunguta, nikajua ni mwizi.

Nilikuwa narudia Butembo kutoka Beni, miye peke ku pikipiki yangu.
Nikienda mbio, anaenda mbio. Nikipunguza, naye anapunguza.
Kasike nyeusi imefunika kichwa yote, sura haionekane.
Munajua barabara yetu, wezi ni wengi. Nani anafwata mutu hivyo bure?

Mu kona moja ya kushuka, nikafinya freni pikipiki ikiwa imeinama. Mupira ya nyuma ikateleza mu vumbi, karibu nianguke. Nikasimama pembeni.

Naye akasimama!

"Mama, uko unafinya freni katikati ya kona. Taa yako ya nyuma inawaka kila mara. Niliogopa utaanguka."

"Na weye unatafuta nini kwangu?"

"Hapana kitu. Finya freni mbele ya kuingia mu kona, pikipiki ikiwa wima. Kisha achilia, ndipo uiname."

Mais hata mwizi anajua kuongea muzuri. Nikamuambia: "Basi, pita mbele."

Sikutaka abakie mu mugongo yangu, ni vile tu.

Donc nikamufwata, macho ku taa yake. Inawaka mbele ya kona, mu kona inazimika. Kila kona hivyo. Nikafanya kama yeye. Pikipiki ikatulia kabisa, sikuteleza tena.

Ku muingilio wa Butembo akanipungia mukono, akakata kuume. Sikumupa hata aksanti. Nilikuwa ningali nakamata numero ya plaki yake mu kichwa.

Semeni kweli: ninyi mungemuamini?