Mtoto wa nguruwe niliyemfunulia mapema

Jumanne, katikati ya Novemba. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa nne. Hapa kwetu Gahanga kote ni tope jekundu na ubaridi.

Naandika sasa kabla sijaanza kujitetea.

Jana usiku nguruwe mwenye watoto alimlalia mmoja akamvunja kiuno. Asubuhi nikamkuta anajikokota kwa miguu ya mbele. Hakuwa wa kupona. Zamani, pale bandani tunapofanya kazi, mtoto wa namna hiyo mzee ninayefanya naye kazi alikuwa akimpiga kichwani, mimi nikigeukia ukutani. Mwezi uliopita daktari wa mifugo alituletea sanduku la kuwaulia wasiopona, lenye kifuniko kinachoonyesha ndani, na mtungi wa gesi ileile inayotia soda povu. Alituambia tufungulie polepole, tungoje hadi pumzi iishe kabisa, kisha dakika kumi zaidi ndipo tufunue. Wala hakutuficha: alisema inawasha pua na mnyama huihisi.

"Mama, leo zamu yako," mzee akasema. Yeye alikulia Burundi na hapendi vyombo vipya. "Mimi na soda yenu hatujuani."

Nilimpakata kidogo kwenye kanga. Alikuwa wa moto, pua yake ikitafuta ziwa kwenye kiwiko changu. Nilichotaka ni kimoja tu, afe bila kuumia tena.

Nikamlaza, nikafungulia. Nilidhani atasinzia. Akainua kichwa, akaachama, akapiga kelele mara moja, miguu ikakwangua plastiki. Halafu kimya. Kwa ule ubaridi kifuniko kikajaa ukungu, sikuona kifua chake. Mkono wangu ukafanya unavyofanya jikoni kwenye wali: ukainua kifuniko nichungulie.

Akavuta pumzi. Akakohoa. Jicho likanigeukia.

"Yewe! Iko inapumua!" mzee akasema.

Nilitaka kumfunika tena. Nikampigia daktari simu kwanza.

"Usimrudishe kwenye gesi, dada. Mpe mzee, sasa hivi."

Mzee hakunicheka. Alimpokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto wa mtu. Safari hii sikugeuka. Pigo moja tu. Akamgusa jicho kwa kidole, akangoja kuona kama litapepesa, akasema, "Basi. Amekwenda."

Sasa sijui nilaumu nini. Ningesema gesi ni mbaya, lakini mimi ndiye niliyefunua. Ningesema kosa ni langu peke yangu, lakini ile kelele ilitoka kabla sijagusa kifuniko. Na mkono wa mzee leo ulikuwa mwepesi, ila mara mbili huko nyuma niliusikia ukikosea, na hilo nalo lazima niliandike. Labda mwenye shule zaidi yangu angejua kupima.

Mchana daktari alikuja, nikamweleza yote, hata la wali. Nilingoja anifokee. Akasema, "Ungenificha, wa kesho angeumia hivihivi." Tumekubaliana kwamba hakuna atakayelitumia sanduku peke yake, mzee atasimama pembeni tayari, na kifuniko kikipata ukungu tutahesabu dakika kwa saa, hatufunui. Nikamuuliza, na ile kelele? Akasema ataulizia kama kuna njia isiyowasha. Hakuahidi.

Jioni tumekula viazi vitamu, maharage na mchicha, ule tunaouita dodo. Mume wangu aliona sili, akanimenyea kiazi bila kuuliza kitu. Nikala nusu.