Mkoba Mweusi Niliompa Mgeni wa Gesima

Usiniambie nazua. Mambo haya niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe, barazani kwangu hapa Kisii mjini, enzi za Mwingereza.

Nilikuwa na mikoba kumi na mmoja. Ndiyo, kumi na mmoja! Mume wangu aliuza nguo, na kila akienda Kisumu kuchukua mali nilimdai mkoba. Siku moja akachoka: "Mama Zuhura, tulale wapi sasa, ndani ya mikoba?" Nikacheka, nikaona ana haki. Nikaitoa barazani, nikaanza kuigawa kwa majirani.

Ilipobaki miwili, mvua ikashuka, ile yetu ya saa tisa isiyopiga hodi. Mwanamke nisiyemjua akaingia barazani, ana kovu kidevuni. Akasema ametoka Gesima kwa miguu. Sasa nisikilize vizuri: alitoka mvuani, na nguo yake ilikuwa kavu. Miguu mikavu, hata tope hana! Niliona, nikapuuza. Ujinga wangu huo.

Mkoba mwekundu, mpya, hakuutazama. Akauinua ule mweusi mkuukuu, akaupima mkononi.

"Huu mzito, mama."

"Mzito wa nini, dada, na ni mtupu? Chukua. Chukua na vilivyomo!"

"Umesema wewe," akanijibu. Akaukumbatia, akarudi mvuani.

Jioni ndipo nilipokumbuka. Zuhura alipotimiza siku arobaini tulimnyoa, na mama yangu akaniamuru nizizike zile nywele siku ileile, kama desturi yetu. Sikuzizika. Nilikuwa nimeshazika watoto wawili. Huyu ndiye aliyebaki, na sikutaka kufukia chochote chake. Nilizifunga kitambaani, nikazishonea ndani ya bitana ya mkoba mweusi.

Jioni hiyo hiyo Zuhura, wa miaka mitatu, akakataa chakula. Nikimwita haitiki. Ananitazama kama asiyenijua. Wallahi, niliogopa.

Kesho yake tukapanda Gesima, mimi na mume wangu. Mama mmoja alikuwa akipalilia wimbi. Nilipotaja kovu la kidevuni, jembe likamtoka. "Huyo ni mke wa shemeji yangu. Alikufa akijifungua, yeye na kitoto chake cha kike."

Akatupeleka kaburini, kando ya migomba. Mkoba wangu ulikuwa juu ya udongo, mkavu, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Bitana imefumuliwa taratibu, uzi kwa uzi. Nywele hazimo.

Nikapiga magoti, nikalia, nikamsihi marehemu anirudishie. Yule mama akaniuliza, "Ulimpa, au alichukua?"



Basi wewe unayetaka kupunguza mikoba, igeuze ndani nje, upapase bitana. Na kamwe usimwambie mtu achukue na vilivyomo.

Zuhura alipona, alhamdulillahi. Leo ana watoto wake. Lakini mvua ya saa tisa ikianza, huacha alichoshika, akaenda mlangoni, akaitika, "Abee, mama!"

Nami nimekaa nyuma yake. Sijamwita.