Mama Mkato Hanunui Kalamu

Saa mbili asubuhi, Mama Mkato anafungua ukurasa wa arobaini na moja wa kitabu cha jiografia cha shule ya msingi. Anaukoleza mshale mmoja wa ramani kwa rangi ya njano, anafungua kisanduku cha maoni pembeni na kuandika: "Mto haupandi mlima. Geuzeni mshale." Kisha anacheka peke yake.

Jina hilo la utani alipewa na wapiga chapa, kwa sababu hapitwi na alama ya mkato iliyokaa vibaya. Ana miaka hamsini na sita, na kwa miaka ishirini na miwili amekula kwa kusoma vitabu kabla havijachapwa. Siku hizi vitabu humjia kama faili za PDF. Huzisahihisha kwenye meza ya kulia chakula, kwa kompyuta kuukuu ambayo kifuniko chake kimeshikiliwa na utepe wa gundi.

Miaka mitatu iliyopita kompyuta hiyo iligoma. Fundi wa mtaani alimshauri anunue nyingine, lakini mpwa wake anayetengeneza kompyuta, binti wa kaka yake, alikataa.

"Shangazi, hii haijafa, imeelemewa tu," alimwambia. Akaiwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta usiolipiwa, na programu ya bure ya kuandika maoni juu ya PDF.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Kazi ya kwanza ilimfikia mchapishaji bila alama hata moja, kwani alisahau kuhifadhi maoni ndani ya faili.

"Jasho la siku tatu, wenzangu wakaona kurasa tupu! Nilitamani ardhi inimeze," anakumbuka. "Mpwa wangu akaniambia, 'Kosea tena, shangazi, ila si kosa hilohilo.'"

Mwaka jana meneja wa kampuni moja ya uchapishaji alitoa amri: kila msahihishaji anunue programu ya kulipia, la sivyo kazi yake haitafunguliwa. Ada ya mwaka ilikuwa sawa na kodi ya nyumba yake ya miezi minne.

Wakati huo alikuwa amemaliza kijitabu cha wahudumu wa afya cha kampuni hiyo. Katika ukurasa wa kumi na saba, dawa ya homa ya watoto wachanga iliandikwa mililita ishirini na tano badala ya mbili nukta tano. Nukta moja ilikuwa imetoroka. Aliizungushia namba hiyo duara jekundu, akatuma, akampigia meneja simu.

"Akanijibu hafungui vitu vya bure," anasema. "Nikamwambia, baba, kosa halijui bei ya programu. Na huyo mtoto atakayenyweshwa hajui pia."

Hakununua. Aliweka faili kwenye flashi, akapanda ngazi za kampuni hadi ghorofa ya tatu na kumwomba msanifu wa kurasa aifungue kwa programu yao wenyewe ya kulipia. Maoni yote mia moja na kumi na mawili yakajitokeza, kila moja mahali pake. Meneja aliitwa, akainama kusoma ukurasa wa kumi na saba, akavua miwani.

"Hii ingetoka hivi?"

"Ingetoka," alimjibu, "maana ulikuwa unakagua kalamu yangu, si kazi yangu."

Kijitabu kilirekebishwa. Je, aliombwa radhi? "Na nani, yule?" anaangua kicheko. Tangazo la amri bado limebandikwa ukutani pale ofisini, ila faili zake hufunguliwa bila neno.

Sasa kila Jumamosi anawafundisha wasahihishaji wanne, wawili wao walimu wastaafu, huku mpwa wake akifufua kompyuta zilizotupwa na ofisi mbalimbali. Kabla ya mwaka kwisha, wanataka kukodi chumba na kufungua ofisi yao.

"Atakayekuja kuniuliza natumia programu gani," anasema, akivuta kiti karibu na meza, "nitamuuliza ni kosa gani nililoliacha."