Gunia la Pumba Kati ya Mama na Kija

Mama yangu Lusia ana goti moja bovu, jogoo mmoja mwekundu na mkwe mmoja, na tangu niolewe hakuwahi kumtazama huyo mkwe usoni. Si kwamba waligombana. Waliheshimiana. Kwa wanaoishika mila huku kwetu milimani Mwese, mama mkwe na mkwe hawatazamani, hawasemeshani, hawali chungu kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Mume wangu Kija ni Msukuma, wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka kaskazini wakakaa Sibwesa, lakini kwa jambo hilo hakuhitaji kufundishwa. Ameingia porini mara nyingi mpaka ana suruali ya zamani aliyoitenga kwa ajili ya upupu.

Mimi Restituta ndiye niliyekuwa mdomo wao. Nyumba zetu zinatazamana na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa. Hata hivyo mama akiwa kwenye kizingiti chake angesema, "Restituta, mwambie mumeo mbuzi wake wamekula mahindi yangu," na Kija akiwa anafunga nati za pikipiki yake angejibu, "Restituta, mwambie mama samahani, naweka uzio." Nami nimesimama katikati na mwiko wa ugali mkononi, narudia maneno ambayo hata kuku walikuwa wameshayasikia.

Dawa ya kuondoa aibu hiyo ipo. Mkwe anatoa mbuzi, wazee wanakaa, kisha wawili hao wanashika kitu kimoja kwa pamoja, basi, kuanzia hapo wanasalimiana kama watu. Kija alipeleka mbuzi mara mbili na mara mbili mama alimrudisha. "Mkwe mzuri ni yule usiyemwona," alisema. Watu walimsifu kwa kushika mila. Mimi namjua. Mama yangu amechoka na watu, na mila ilimpa ruhusa ya kumpunguza mmoja.

Anachokipenda ni samaki. Juu ya kijiji chetu kuna ziwa dogo, tunaliita Kaswa, maji yake ya baridi hata jua la kiangazi likiwaka. Wengine wote wanavua pale kwa nyungunyungu. Mama anavua kwa unyoya. Babu yangu alikuwa mpishi wa padri mmoja Mzungu aliyekuwa na ugonjwa huo, akajifunza kwake, naye akamfundisha mama. Unachukua ndoano ndogo, unaivalisha unyoya wa shingo ya jogoo kwa uzi wa cherehani mpaka inafanana na mdudu, unaifunga kwenye mshipi mrefu wa mwanzi, unaurusha nyuma na mbele, nyuma na mbele, kama anayefukuza ndege kwenye mtama, kisha unyoya unatua juu ya maji taratibu, na perege anapanda mwenyewe kuufuata. Ndiyo maana jogoo wetu hana manyoya shingoni. Wageni wanadhani ni kuku wa kishingo na wanaulizia mbegu.

Kija naye ni mvuvi, ila wa nyungunyungu. Alitamani ule unyoya kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, na nijumuishe na mimi humo. Akajaribu mwenyewe. Alimvizia jogoo, akadonolewa, akafunga, akarusha, unyoya ukazama kama jiwe. Akanituma: "Muulize mama, uzi unaanzia wapi?" Mama akajibu: "Mwambie kazi ya mikono haifundishwi kwa mdomo. Inatazamwa." Na kumtazama ndiko kulikokatazwa. Mimi mwenyewe alishanijaribu nikiwa binti. Nilijitoboa kidole, nikalia, akasema mikono yangu haina subira. Basi ujuzi ule ulikuwa wa kufa naye, na alilijua hilo.

Kisha goti likagoma. Njia ya Kaswa ni mlima mtupu, na mama akifika kwenye mti wa kwanza anakaa chini na kutukana mawe. Akabaki nyumbani. Kiangazi kikaanza yeye yupo kwenye kizingiti, anagombana na kuku, anakula kijiko kimoja na kusukuma sahani. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa sana. Mdogo wake, mjomba Deogratias, ambaye ni mzee wa kanisa na anapenda kuamua mambo, akatuma ujumbe kwamba Jumapili anakuja na gari kumchukua dada yake akaishi naye Mwamkulu. Kule ni tambarare, alisema, hakuna mlima wa kumsumbua. Ni kweli. Hakuna mlima, hakuna Kaswa, ni majaruba ya mpunga mpaka macho yachoke.

Siku hizo kijijini bodaboda ilibaki moja, nyingine zote barabara yetu ilishazimaliza. Na hiyo moja ilikuwa ya Kija. Mama alibeba moyoni mambo mengi lakini kumshika mkwe kiuno hakukuwamo.

"Sasa nyie," niliwaambia nikiwa katikati ya uwanja, nimechoka, "mmoja ana pikipiki, mmoja ana goti, na wote mnataka kwenda mahali pamoja. Mnataka Mungu ashuke awapakie?"

Nikaingia stoo, nikatoa gunia la pumba za mahindi, nikalisimamisha katikati ya kiti cha pikipiki. Mbele ya gunia atakaa Kija. Nyuma yake mama, kwenye keria, ameelekea nyuma, mgongo kwenye pumba. Kija alifikiri kidogo, akaenda ndani, akarudi na soksi mbili, akavisha vioo vya pembeni ili asimwone hata kwa bahati mbaya. Mama akajifunika kanga kichwani, akaomba asaidiwe kupanda.

Hivyo ndivyo tulivyopanda Kaswa Alhamisi ile. Pikipiki ilinguruma kwa gia ya kwanza, mimi nikafuata kwa miguu nyuma yake nikiwa nimebeba beseni, kwa hiyo mama na mimi tulitazamana uso kwa uso mlima wote. Watu waliacha majembe. Gelasius, jirani yetu mwenye kinywa kisicho na mlango, aliuliza kama tunampeleka mama kuuza au kusaga. Mama akamjibu kwa kumtazama tu, na Gelasius akarudi kulima.

Tulienda na Ijumaa pia. Mama akaanza kula. Lakini habari haina miguu na inafika, na Ijumaa jioni mjomba alipiga simu akifoka. Dada yake, mjukuu wa watu wenye heshima, anabebwa kama kifurushi na mkwe wake! Aje Jumapili? Hapana, anakuja kesho, na vitu vyote viwe vimefungwa. Mama aliisikia sauti ile kwa sababu mjomba hajawahi kuiamini simu, huwa anapiga kelele ili imsaidie.

"Mwambie mumeo," mama alisema, "kesho asubuhi twende mara ya mwisho."

Jumamosi mimi nilikuwa na hasira na watu wote. Nilikaa juu ya mwamba, nikaanza kumenya mihogo, nikatangaza: "Leo mimi si redio. Mwenye neno alitume mwenyewe." Upande wa kulia wa mwamba, nyuma ya matete, mama ameketi juu ya beseni lililopinduliwa, anarusha unyoya. Upande wa kushoto, Kija ameegesha pikipiki, ametupa majini ndoano yake ya nyungunyungu, na muda si mrefu akasinzia.

Mama alivumilia, kisha akainama na kuligonga beseni. "Beseni," alisema, "kamwambie huyo bwana akikoroma samaki wanakimbia."

Kija akazinduka. Alinitazama mimi, nikatazama muhogo wangu. Akaigeukia pikipiki. "Pikipiki, mwambie mama nimesikia. Mwambie pia... mwambie kule Mwamkulu mwanzi ataufanyia nini?"

"Beseni," mama akasema, na sauti haikuwa ile ya kugombana na kuku, "mwambie nitaufanya wa kuanikia nguo."

Kisu kilinitoka mkononi. Nilitaka kushuka nimkumbatie, lakini papo hapo mwanzi wake ukapinda.

"Huyo!" mama alipiga kelele. Na upande wa pili, Kija naye, "Huyo! Nimempata!" Mimi juu ya mwamba niliona kilichowashinda wao kuona. Mishipi yote miwili ilikuwa imenyooka kuelekea sehemu moja ya maji. Kambare mkubwa alikuwa ameshamla nyungunyungu wa Kija kule chini kwenye tope, Kija akiwa amelala, na alipopanda juu kuvuta hewa akaona na unyoya wa mama, akaumeza vilevile. Kambare hana adabu ya mezani.

Mama akavuta, Kija akavuta. Kambare akaenda kwa mama, Kija akaingia majini hadi magotini. Kambare akaenda kwa Kija, mama akasahau goti, akaingia naye. "Beseni! Mwambie aachie, wangu huyu!" "Pikipiki! Mwambie wangu alianza!" Matete yakapungua kati yao mpaka yakaisha, na wote wawili wakajikuta wameinama juu ya kambare mmoja, mama amemshika kichwani, Kija mkiani, na kila mmoja amegeuza uso kando kwa heshima na kuufunika kwa kiwiko. Kambare ana utelezi. Kila alipojipinda, mmoja alilazimika kushusha kiwiko amshike kwa mikono miwili, kisha akakumbuka na kukirudisha, na samaki nusura aondoke.

"Restituta!" waliita kwa pamoja. "Njoo umshike!"

Nilikuwa nimeshainuka. Mguu mmoja ulikuwa umeshashuka kwenye mwamba, kwa mazoea tu, maana mguu wangu umezoea kwenda katikati yao. Nikaurudisha. Nikakaa.

"Siji," nilisema. "Na nyie mmeshashika kitu kimoja."

Kambare alipiga mkia. Kisha mama yangu, taratibu, kama anayefungua dirisha la nyumba iliyofungwa siku nyingi, akageuza shingo akamtazama Kija. Alimtazama kuanzia nywele mpaka kidevu.

"Mbona umekonda hivi?" mama akamuuliza. "Huyu mtoto wangu hakupi chakula?"

"Ananipa, mayu," Kija akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kidogo."

Niolewe na mtu, nimbebee maneno miaka yote hiyo, nimpikie mpaka nyusi zinaungua, na neno lake la kwanza kwa mama yangu liwe hilo! Nilimtupia muhogo. Haukumfikia.

Wakamtoa kambare wakicheka, mama ameegemea bega la Kija kwa sababu ya goti. Beseni likageuzwa, kambare akakunjwa ndani. Hapo ndipo hesabu ya kiti ilipokataa, beseni na gunia haviwezi kupakiwa pamoja. Kija akashusha gunia la pumba, akalisimamisha miguuni pangu. Akavua soksi kwenye vioo, akazitia mfukoni. Mama akapanda akiwa ameelekea mbele kama abiria mwenye akili zake, beseni mapajani, mkono mmoja kwenye bega la mkwe.

"Na mimi?" niliuliza.

"Wewe una magoti mazima," mama alisema. "Na usiziache pumba, za nguruwe hizo."

Wakaondoka. Nikajitwika gunia. Nililia kidogo njiani, na nikacheka zaidi, na Gelasius aliponiuliza kulikoni nilimwambia aulize beseni.

Nilipofika nyumbani jua limeshuka, shingo imeingia kifuani. Gari la mjomba Deogratias lilikuwa uwanjani, tupu. Mwenyewe ameketi kwenye kigoda na bakuli la mchuzi, anakinyonya kichwa cha kambare kwa bidii. "Mila ni mila," aliniambia kabla sijamsalimu, "na hawa wameshika kitu kimoja, hilo siwezi kulipinga. Ila mbuzi bado namdai." Akarudi kwenye kichwa. Vitu vya mama, nilivyovifunga asubuhi kwa mikono yangu, vilikuwa vimefunguliwa vyote.

Nikatua gunia kwa kishindo ili wajue nimefika. Hakuna aliyegeuka. Mama na Kija walikuwa wamekaa kizingitini, magoti yanagusana, wanabishana nani alimpata kambare kwanza, na hakuna aliyeniita niamue. Kwenye kiganja cha mama kulikuwa na ndoano ndogo, uzi mweusi na unyoya mwekundu. Jogoo alikuwa amejificha chini ya gari. Kija, kwa mazoea, alikuwa bado ameinamisha macho, anatazama chini kwenye mavumbi.

Mama akamshika kidevu, akamwinua uso.

"Nitazame, baba," alisema. "Uzi unaanzia hapa."