Damu ya Mwalimu wa Biolojia

Nafundisha biolojia hapa Ujiji, na tangu mwezi uliopita nikiwaona wanafunzi wangu barabarani nabadili njia.

Mama huniambia tangu utotoni kwamba damu yangu haivumilii baadhi ya dawa. Nilipotoka chuo nikamwuliza, "Ushahidi uko wapi, mama?"

Aliendelea kupima mawese yake. "Ushahidi ni wewe, mwanangu. Ulipewa dawa ukiwa mtoto, ukakaribia kufa."

Nikaona hilo si jibu la kisayansi. Kwa hiyo nilipougua malaria, nesi akaniuliza kama nina tatizo la damu, nikasema hapana, tena kwa sauti ya msomi, naye akanipa dawa.

Siku chache baadaye nilikuwa darasani, nimechoka kupita kiasi.

"Oksijeni inayotupa uhai huzaa pia sumu inayochoma seli," nikafundisha. "Seli ya ini hujitengenezea kinga mpya. Seli nyekundu ya damu haina kiini, kwa hiyo kinga yake ikiisha haipati nyingine. Kwa wenye upungufu wa kuzaliwa wa kinga hiyo, dawa fulani huzipasua seli hizo. Macho huwa ya manjano, mkojo mweusi kama kahawa ya Kalinzi."

Darasa zima likanikazia macho. Nikadhani nimefundisha vizuri.

Zaituni wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Macho yako yako hivyo tangu asubuhi."

Nikaukumbuka mkojo wangu wa alfajiri, ambao nilikuwa nimeuhoji na kuamua kuwa ni kiu tu. Nikakaa.

"Nenda ofisini, wampigie mama yangu."

"Wamwambie nini, mwalimu?"

"Wamwambie ushahidi umepatikana."