Mama Mizani na Safu za Nyuma

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha chini cha benki kuu, chumba kisicho na dirisha hata moja, mwanamke wa miaka hamsini na saba anavaa glavu, anainama na kunyanyua mkuo, tofali zima la dhahabu. Ni kilo kumi na mbili na ushei, naye anaubeba kama mtoto wa watu. Anauweka kwenye mizani, anasubiri namba itulie, anaisoma kwa sauti. Karani anaandika.

"Mwingine," anasema.

Wenzake humwita Mama Mizani. Ana miaka ishirini na mitatu kazini, na bado kila jioni anavuliwa viatu mlangoni na kupekuliwa. "Mlinzi huyu anaijua miguu yangu kuliko mume wangu," anatania, na mlinzi anacheka mpaka kofia inamwanguka.

Aliwahi kupiga hesabu: mkuo mmoja ni mshahara wake wa miaka mia na themanini. Mshahara wenyewe haufiki tarehe ishirini.

Safari hii serikali imewaahidi wananchi kwamba dhahabu yao itakaguliwa na ripoti kutangazwa hadharani. Mikuo iko 1,860. Mkuu wake alitaka wapime safu ya mbele tu, nyingine wazikadirie, wamalize upesi.

"Tunapima yote," Mama Mizani alimjibu.

"Mbona miaka tisa iliyopita ulipima arobaini ukatia saini?"

Ni kweli. Siku ile binti yake alikuwa amelazwa, naye roho ilikuwa hospitali. Alipima ya mbele, akaandika kwamba yote imepimwa, akatoka mbio. Aibu hiyo imemkaa moyoni tangu hapo.

Wiki hiyohiyo ya mabishano na mkuu wake, aliiandikia barua kamati inayosimamia ukaguzi, akakiri. Amebakiza miaka miwili astaafu. Akifukuzwa kwa udanganyifu, kiinua mgongo chake kitaota mbawa.

Binti yake, ambaye sasa ni mzima na ana watoto wawili, alikuja juu. "Mama, kwani nani alikuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza, mwanangu. Ndiyo maana nilinyamaza miaka tisa."

Kamati imeagiza mikuo yote ipimwe, na imemwacha aendelee mbele ya mashahidi wawili. Mkuu wake hamsemeshi. Hata salamu anaipitishia kwa karani. Hadi Jumatano hii mikuo 1,312 imepimwa, na yote iko sawasawa na daftari.

"Watu wananiambia, si unaona, hakuna kilichopungua," anasema huku akifuta jasho kwa mkono wa shati. "Lakini mimi nilikuwa sijui. Niliiambia nchi nzima kwamba najua, kumbe sijui."

Uamuzi juu yake utatolewa mwisho wa mwezi. Mikuo 548 bado inamsubiri, na siku hizi hata chai haendi kunywa.

"Wakinifukuza, haya, nitakwenda," anasema, tayari ameshainama tena. "Naomba tu wanikute nimeufikia ule wa mwisho."